Mashine Iliyofutwa kwenye Orodha

Mtoto wa watu alisimama mbele ya dirisha la tatu, mzima wa afya, mkoba begani, akaambiwa kwamba hakuzaliwa.

"Mfumo haukuoni, dada yangu," karani wa dirishani alimwambia, akikigeuza kioo cha kompyuta ili ajionee mwenyewe. "Nimetafuta kwa jina lako, nikatafuta kwa jina la mama yako. Hakuna kitu. Hapa hukuzaliwa."

"Sasa nilizaliwa wapi?"

"Hapo mimi nitajuaje? Anayefuata!"

Bi Kadi alikuwa anapita nyuma ya madirisha na mafaili kifuani, na maneno hayo aliyasikia kwa masikio yake. Nusura mafaili yamponyoke. Binti aliyekuwa akiambiwa hakuzaliwa alikuwa mwanawe. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, na yeye ndiye aliyemlea tangu siku ya kwanza, akamnywesha maziwa kwa chupa, akamsomesha, akakesha naye alipougua surua. Tena kuzaliwa kwake alikuandika yeye, kwa vidole hivi hivi, kwenye kompyuta ya kwanza kabisa ya hospitali ile.

"Mwanangu, mbona hukuniambia unakuja?"

"Sikutaka waseme umenipitisha mlango wa nyuma, Mama. Nimepanga foleni tangu saa moja." Mkononi alishika kadi ya kliniki ya marehemu mama yake, imepauka na kuchakaa kwenye mikunjo. "Nimewaonyesha namba ya kadi. Wanasema mfumo hautafuti kwa namba, unatafuta kwa jina."

Chuo cha ukunga kilikuwa kimempokea. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa, na ofisi ya vyeti nayo ilitaka kwanza karatasi ya hospitali yenye muhuri, inayothibitisha kwamba siku fulani, katika wodi fulani, mtoto huyu alizaliwa. Mwisho wa kupeleka cheti ulikuwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni, na ofisi ya vyeti iliahidi kukitoa siku ile ile ikiletewa karatasi kabla ya adhuhuri. Leo ilikuwa Jumatano. Chuo hakikupokea mtu aliyepita miaka ishirini na minne, na binti alikuwa nayo tayari. Nafasi ile ikipotea, imepotea moja kwa moja.

Sasa ili mtu aelewe kwa nini Bi Kadi alihisi damu inachemka hadi kisogoni, ni lazima ajue miaka yake thelathini na mmoja aliimalizia wapi. Aliimalizia katika chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya choo cha wageni. Jina la Bi Kadi alipewa na wajawazito, kwa sababu yeye ndiye aliyewaandikia kadi. Alianza na kalamu ya wino na madaftari makubwa kama sinia. Kisha, mwaka wake wa tano, ikaletwa kompyuta ndani ya sanduku la mbao, msaada kutoka kwa watu waliokwisha kuichoka. Watu wote waliiogopa. Mhasibu alisema ikiguswa vibaya inaweza kulipuka. Bi Kadi akaazima kamusi, akakisoma kitabu chake cha maelekezo chenye kurasa mia nne, kila siku kurasa nne wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja mkate, mkono mmoja kalamu. Alipokimaliza alikuwa na kompyuta inayomtii.

Na katika wodi ya wazazi kulikuwa na sheria. Aliiweka mkunga mkuu wa enzi zile, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, aliyechoshwa na wazazi kusubiri wapate jina, kisha wakaenda nyumbani na mtoto asiandikwe milele. "Jina halina haraka," alikuwa akisema. "Mwenye haraka ni mtoto, na ameshafika." Kwa hiyo kila aliyezaliwa aliingizwa kwenye mashine kabla jua halijazama siku hiyo hiyo, awe na jina au asiwe nalo. Kama hana, sehemu ya jina iliachwa tupu, na mtoto akajulikana kwa namba ya kadi ya mama yake. Jioni Bi Kadi aliandika kwenye daftari la kufungia jumla ya watoto wote hadi siku hiyo, akatia saini. Miaka kumi na tisa hakuna mtoto aliyepita bila kuandikwa. Hilo ndilo lililokuwa joho lake, maana joho jingine hakuwahi kuvishwa.

Kisha, miaka saba iliyopita, akaja Bwana Mfumo. Cheo chake kilikuwa mkuu wa utawala, lakini swali lolote ungemuuliza jibu lilianza na neno mfumo, kwa hiyo jina likamkaa. Alikuja na kampuni, kampuni ikaja na kompyuta nyeupe kwa madirisha yote, zikapigwa picha, ukakatwa utepe. Madaftari ya karatasi yalichomwa nyuma ya jiko la hospitali siku mbili mfululizo, kwa sababu "sasa tuko kidijitali". Mashine ya Bi Kadi ikatupwa stoo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, ila wahenga hawakualikwa kwenye kikao cha zabuni.

Siku ile ya Jumatano, Bi Kadi alipanda ngazi hadi ofisini kwa Bwana Mfumo, akaingia bila kubisha hodi mara ya pili.

"Mkuu, watoto wangu wako wapi?"

"Watoto wako, mama?"

"Walioandikwa kwenye mashine ya zamani. Mwanangu ameambiwa hakuzaliwa."

Bwana Mfumo alitabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mtu mzima anayeelekea kustaafu. Akamwonyesha ukutani, ndani ya fremu, ripoti ya kampuni: rekodi zote kamili zimehamishwa, asilimia mia moja. Jumla, ishirini na tisa elfu mia tatu na tano.

"Kamili maana yake nini?"

"Yenye sehemu zote zilizojazwa. Jina likiwa tupu, mfumo unasoma kosa. Kosa haliingii."

Bi Kadi hakuhitaji kikokotoo. Namba ya mwisho kwenye daftari lake la kufungia aliijua kama anavyoijua siku ya ndoa yake: arobaini na moja elfu mia nane na kumi na mbili. Akatoa moja kwa nyingine papo hapo, amesimama. Watu kumi na mbili elfu mia tano na saba, wenye damu na mifupa, wengine sasa wana watoto wao, walikuwa wamefagiwa kama makombo mezani, kisha mtu akaandika asilimia mia moja na kuitia fremu! Alitaka kuing'oa ile fremu. Mikono ilimwasha kweli kweli.

"Wamo kwenye mashine yangu," alisema. "Nitakuletea."

"Mama, tusisumbuane. Flashi haziruhusiwi kwenye mtandao wangu. Karatasi za zamani hazitambuliwi. Sheria iko wazi, nimeibandika mwenyewe pale chini." Akaikariri, akipigapiga meza kwa kidole: "Kinachoonekana kwenye kioo cha dirishani ndicho kinachothibitishwa. Kisichoonekana hakipo."

"Kikionekana dirishani je?"

Bwana Mfumo akacheka. "Kikionekana dirishani, mama yangu, muhuri nitagonga mimi mwenyewe."

Haya. Ulimi uliponza kichwa, lakini kichwa cha Bwana Mfumo hakikujua bado.

Stoo ilitunzwa na mzee mwembamba aitwaye Kufuli, mtu wa maneno machache na funguo nyingi. Mashine ilikuwa kwenye kona, chini ya vitanda vibovu, imelaliwa na vumbi, mayai ya mjusi yamepasuka juu yake. Kufuli alifungua orodha yake ya mali, akashusha kidole.

"Imefutwa mwezi uliopita. Lori la chuma chakavu linakuja Ijumaa ya wiki ijayo."

"Nikiifuta vumbi, nikaiwasha hapa hapa, utaniandikia kosa?"

"Kosa la kuchezea nini?" Kufuli alifunga orodha. "Haipo."

Bi Kadi alikuwa na mume, na mume huyo alikuwa fundi redio mstaafu. Sikio moja lilikuwa limekufa kwa miaka ya kusikiliza spika mbovu, lile jingine lilisikia anachotaka. Jumamosi asubuhi Fundi aliingia stoo na sanduku lake la vifaa, akaizunguka mashine mara mbili kama mnunuzi wa mbuzi.

"Hii imekufa," alisema.

"Hujaifungua."

"Nimeolewa na wewe miaka thelathini, nitashindwa kujua kitu kilichokasirika?"

"Umeoa, hukuolewa. Fungua."

Ndani, betri ndogo ya kutunza saa ilikuwa imevuja na kuacha ukoko wa kijani. Fundi aliing'oa, akasugua, akaunga nyaya mbili na kuzitoa nje hadi kwenye betri tatu za tochi alizozifunga ubavuni kwa utepe mweusi. Ilikuwa sura mbaya kabisa, lakini taa ya mbele iliwaka. Diski haikuzunguka. Fundi akainua mkono.

"Usiipige!" Bi Kadi alimshika. "Hiyo si televisheni ya mama yako."

Basi Fundi akaichomoa diski, akaifumbata katikati ya viganja kama kifaranga, akaipasha joto dakika kumi kamili, mdomo umefungwa, jambo ambalo Bi Kadi alimshukuru Mungu kwalo. Kisha akaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, mara moja. Walipoiwasha tena ilitoa ule mlio wake wa zamani, wa kukwaruza na kupanda juu, na maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Bi Kadi aliandika amri moja. Namba zikajitokeza, safu kwa safu, miaka kumi na tisa ya watoto. Akajikuta analia, na machozi yenyewe yalikuwa ya hasira kuliko furaha. Wote hawa walikuwa hapa siku zote, hatua mia kutoka dirisha la tatu, na kila wiki kuna mtu anaambiwa akatafute alikozaliwa.

Kuwaona ni jambo moja. Kuwapeleka dirishani ni jingine. Bi Kadi alilifikiria Jumapili nzima akichambua mchele, akaona njia ni moja tu. Flashi haziruhusiwi, karatasi haziruhusiwi, lakini kompyuta za madirishani zina kivinjari, na kivinjari kazi yake ni kufungua ukurasa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine. Basi mashine ya zamani iwe seva. Isiombe kuingia kwenye mfumo wa watu. Ikae kwake, na madirisha yaiendee.

"Kopo hilo litakuwa tovuti?" aliuliza Fundi.

"Litakuwa."

"Na mimi nitakuwa rubani."

Lakini alileta kadi ya mtandao, ya zamani kama mashine yenyewe, aliyoitoa kwenye bati la biskuti alimohifadhi kila kitu alichowahi kukataa kutupa. Bi Kadi alitafuta kwa simu yake, akapata programu ndogo ya seva iliyoandikwa enzi zile zile na mtu aliyeitoa bure, ndogo kiasi cha kuenea kwenye diski moja ya flopi. Kwenye karakana ya Fundi kulikuwa na kompyuta ya makamo, yenye tundu la waya wa simu upande mmoja na mdomo wa flopi upande wa pili. Programu ikatoka kwenye simu, ikapita humo, ikaingia kwenye flopi. Flopi tatu za kwanza zilikuwa na ukungu. Ya nne ilikubali.

Jumatatu na Jumanne, kila saa ya chakula, aliandika maelekezo ya mistari thelathini na miwili ya kuiambia mashine: mchukue kila mtoto asiye na jina, mtengenezee ukurasa wake peke yake, na ukurasa uitwe kwa namba ya kadi. Hapo hakuna mtu wa kupekua habari za jirani. Asiye na kadi mkononi hana ukurasa wa kufungua. Jumatano mashine ilifanya kazi kutwa nzima, diski inakwaruza kama kuku anayechakura, na jioni ilikuwa na kurasa kumi na mbili elfu mia tano na saba. Alizihesabu mara mbili.

Alhamisi Kufuli alisaidia kuipandisha mashine juu ya kabati, karibu na kisanduku kinachogawa nyaya za mtandao. Fundi alivuta waya. Bi Kadi akaenda dirisha la tatu, akamwomba karani aandike anwani ya tarakimu kisha namba sifuri mbili, sifuri sita, moja saba. Mwaka wa pili wa mashine, kadi ya mia sita na kumi na saba. Ukurasa ulifunguka, maandishi meusi kwenye weupe mtupu, bila nembo, bila rangi.

"Ee!" karani alisema. "Huyu si yule dada wa juzi?"

"Ni yeye. Kesho asubuhi atakuja. Ufungue hivi hivi."

Ijumaa asubuhi saa tatu umeme ulikatika kwa dakika mbili ukarudi. Hospitali ile umeme kukatika ni kama mtu kupiga chafya, hakuna anayegeuka. Binti alikuwa wa tano kwenye foleni, na Bi Kadi amesimama kando ya dirisha. Alipofika mbele, karani akaandika anwani, akasubiri, akaandika tena. Kioo kikasema ukurasa haupatikani.

"Jana ulikuwepo," karani alinong'ona, akimtazama Bi Kadi kwa huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko kejeli.

Bi Kadi alikimbia. Mama wa miaka hamsini na minane, viatu vya kazini, alikimbia korido nzima hadi stoo, na mlangoni akakutana na vibarua wa lori la chuma chakavu wakibeba vitanda. Mashine ilikuwa bado juu ya kabati, taa imewaka. Akawasha kioo chake. Kulikuwa na sentensi moja: kibodi haipo, bonyeza kitufe cha F1 ili kuendelea.

Alisoma mara mbili. Kibodi haipo, bonyeza kibodi! Miaka kumi na tisa alikaa na mashine hii hakujua kwamba nayo ilisomea utawala.

"Kibodi iko wapi?" alifoka.

Kufuli alitazama juu ya kabati, akatazama mlango. "Wamebeba kila kilichokuwa mezani."

"Lete nyingine!"

"Za siku hizi tundu lake haliingii humo. Nyingine ya hivyo hakuna."

Lori lilikuwa limeshajazwa nusu. Kufuli, mzee wa maneno machache, alikumbuka wakati ule kwamba ana miguu. Alipanda juu ya lori kwa kukanyaga tairi, akaingia kati ya vitanda na majiko, akawatukana waliomzuia kwa maneno ambayo Bi Kadi hakujua kama anayo, akavuta waya mweusi kutoka chini ya friji mbovu. Kibodi ikatoka, imepoteza herufi mbili. F1 ilikuwepo. Fundi, aliyekuwa ameleta maandazi tu siku hiyo na kujikuta vitani, aliichomeka. Bi Kadi akabonyeza. Mlio ukapanda. Yule kiongozi wa wabeba mizigo alisema mashine nayo wameelekezwa kuichukua, na Fundi akajiegemeza kabatini, akasema sikio lake ni bovu, hasikii.

Bi Kadi aliporudi dirishani, anahema, ukurasa ulikuwa umeshafunguka. Na mbele yake alikuwa amesimama Bwana Mfumo, amevimba.

"Nani ameunganisha kitu kwenye mtandao wangu? Hii ni nini? Hii tarehe hapa juu ni ya mwaka gani? Huu ni ughushi!"

Tarehe ya kichwa cha ukurasa ilikuwa ya Januari mosi, ya mwaka ambao Bwana Mfumo mwenyewe alikuwa ananyonya. Betri za tochi zilikuwa zimelegea mashine ilipopandishwa kabatini.

"Hiyo ni saa ya mashine, imepotea umeme ulipokatika," Bi Kadi alisema. "Tarehe ya mtoto iko chini. Na mkunga aliyezalisha yuko pale, herufi za jina lake. Na namba ya kadi hii hapa, mkononi mwa mwenyewe. Fananisha."

"Sifananishi kitu. Izimwe. Sasa hivi! Iko wapi?"

"Mkuu, nini kizimwe?"

"Hiyo kompyuta yako ya zamani!"

Kufuli alikuwa amefika, suruali imechafuka grisi, orodha ya mali kwapani. Bi Kadi alinyoosha mkono, akaichukua, akaifungua pale palipokuwa na alama ya penseli, akaiweka kaunta mbele ya foleni nzima.

"Soma hapa. Saini hii si yako? Kompyuta moja, kuukuu, imefutwa. Kwa mfumo wako mashine hiyo haipo, kama vile mwanangu hayupo, kama vile watu kumi na mbili elfu hawapo. Miaka saba umetuambia kisichokuwemo hakipo. Sasa nieleze, utazimaje kisichokuwepo?"

Foleni ilicheka. Haikucheka kwa adabu. Mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa amerudishwa mara tatu kwa karatasi ya mjukuu wake, alipiga bakora sakafuni akasema, "Jibu, mwanangu, tumekuja tangu alfajiri."

Daktari mkuu, mama aliyekuwa akipita kuelekea wodini, alikuwa amesimama kwa ajili ya kicheko. Alisoma kioo, akasoma kadi, kisha akainua macho kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya dirisha na kuisoma kwa sauti: kinachoonekana kwenye kioo cha dirishani ndicho kinachothibitishwa.

"Tangazo hili ni la nani?" aliuliza.

"Ni langu, daktari, lakini..."

"Basi unachelewesha watu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Muhuri aliugonga yeye, kama alivyoahidi, ingawa aliugonga kwa nguvu hata kaunta ikatikisika. Jumatatu Bi Kadi alipewa barua ya onyo kwa kutumia stoo bila kibali, akaisoma hadi mwisho, akairudisha kwa sababu walikosea cheo chake. Mashine haikuchukuliwa na lori. Iko juu ya kabati hadi leo, na kibodi imefungwa kwa kamba mguuni mwa kabati, fundo la Kufuli.

Lakini Ijumaa ile, wakati wino ukikauka, binti alikuwa bado anakitazama kioo. Alikuwa hajawahi kuona maandishi yoyote kuhusu siku yake. Mtoto wa kike. Kilo mbili nukta tisa. Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Jina, tupu. Mama, amefariki saa nane mchana. Mtoto amechukuliwa na dada wa marehemu. Imeingizwa saa kumi na moja na nusu jioni, siku hiyo hiyo, na mwishoni herufi mbili za karani.

Alizisoma zile herufi mbili, akageuka.

"Mama. Siku hiyo ulikuja kazini?"

"Nilitoka msibani kwa muda wa saa moja tu, nikarudi."

"Siku hiyo hiyo? Kuniandika?"

"Jua lilikuwa linazama," Bi Kadi alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza wiki ile haikuwa na hasira. "Na mashine nilikuwa naijua mimi peke yangu. Nisingekuandika, nani angejua kwamba umekuja?"

Akamkunjia karatasi, akamtilia mkobani, akamsukuma begani aelekee mlangoni maana saa tano ilikuwa imekaribia. Kisha akavuta kiti, akaketi kando ya karani wa dirisha la tatu, akamwita yule mzee wa bakora.

"Njoo, baba. Kadi ya mama wa mjukuu wako unayo? Nisomee namba."